Mlinzi Anayekula Dakika Zako

Katika michezo mingi ya kunyemelea, mlinzi akikuona umekwisha. Skrini inakuwa nyeusi, unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho, unaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. The Occupation, mchezo wa White Paper Games wa Manchester uliotoka Machi 2019, unakwenda kwa njia nyingine. Mlinzi akikukamata hufi, ila anakula dakika zako, na humo ndani huna mali nyingine.

Mimi ni mtunga michezo hapa Lubumbashi. Kazi yangu hasa ni ratiba za wahusika: nani anatoka biro (ofisi) gani saa ngapi, anapita mlango upi, akiukuta umefungwa afanye nini. Kwa hiyo nitaueleza mchezo huu kutoka upande wa mtambo wake. Watu huuita mchezo wa siasa kwa sababu ya hadithi yake, nami naona siasa yake imekaa kwenye saa zaidi kuliko kwenye maneno ya wahusika.

Hadithi kwa kifupi: ni Oktoba 1987, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Shambulio limeua watu 23, na serikali inataka kupitisha sheria iitwayo Union Act, itakayobana haki za raia kwa jina la usalama. Wewe ni Harvey Miller, mwandishi wa habari za uchunguzi, na una miadi ya kuwahoji wakubwa. Umefika mapema. Mpaka saa ya mahojiano ifike, jengo liko mbele yako na makabati yake, kompyuta za disketi, mifereji ya hewa ya kutambaa ndani, na walinzi wanaozunguka. Mchezo wote ni wa saa nne hivi, na ni saa nne za kweli, zilezile za ukutani kwako. (Mwaka huohuo 1987 sisi huku tulikuwa Zaire, mkoa ukiitwa Shaba, chama kikiwa kimoja. Wazee wangu wakiona zile ofisi na mafaili yale kwenye skrini hawahitaji maelezo.)

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ilitoa Deadline, mchezo wa maandishi matupu ambao mpelelezi anapewa saa 12 kuchunguza kifo cha tajiri. Watu wa nyumba ile walitembea, walipokea simu, walificha vitu, uwepo usiwepo. Mwaka 1997 ikaja The Last Express ya Jordan Mechner, ndani ya treni inayotoka Paris Julai 1914 kuelekea Constantinople. Ukikaa kusikiliza mazungumzo ya behewa la chakula, ya behewa jingine yamekupita. Ila saa ya treni ile ilikimbia mara sita kuliko ya kweli, na mchezaji aliweza kuirudisha nyuma akitaka. White Paper Games waliondoa huruma zote mbili.

Sasa tuingie kwenye mtambo. Ratiba ya mhusika ni jedwali la kawaida: saa, mahali, kitendo. Saa 9:10 katibu yuko mezani. 9:25 anapeleka faili kwa bosi. 9:40 yuko nje anavuta sigara. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika. Taabu inaanza mchezaji akilivuruga. Tuseme amemsimamisha katibu kwa maswali mpaka 9:31. Yule katibu afanye nini? Unaweza kumhamisha papo hapo mpaka pale alipotakiwa kuwa, mradi mchezaji hamwoni. Ni ujanja wa zamani na karibu kila mtu anautumia. Unaweza kumfanya aache sigara ili muda wake urudi sawa. Au unamwacha achelewe kweli, na kuchelewa kwake kunawaambukiza wengine: bosi anakasirika na kutoka bironi kumtafuta, mlinzi aliyekuwa anangojea ufunguo anabaki mlangoni, na mlango uliokuwa unautegemea uwe wazi haufunguki.

Hii ya mwisho ndiyo tamu, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Kuchelewa kwa dakika sita kunatosha kuwakutanisha watu wawili kwenye kizingiti kimoja, kila mmoja akimngoja mwenzake apite, mpaka mchezo uishe. Ukitibu hilo, linazuka lingine ghorofa ya pili. The Occupation ilipotoka wahakiki wengi walilalamikia hitilafu zake, nami sikushangaa. Katika mchezo wa kawaida unapima chumba kimoja kimoja. Katika mchezo wa saa unapaswa kupima jengo zima, kwa kila dakika, kwa kila namna ambayo mchezaji angeweza kulivuruga. Timu ndogo haina watu wa kutosha kwa kazi hiyo, na hata timu kubwa hazipendi kuigusa.

Kuna jambo jingine ambalo michezo mingine hailijui: hapa kusoma kunalipiwa. Saa haisimami ukifungua barua. Faili la kurasa tatu ni dakika ambazo ungezitumia kutambaa mpaka chumba cha pili. Kisha mahojiano yanakuja, na maswali unayoweza kuuliza yanategemea ulichokipata. Usipoipata karatasi fulani, lile swali huna. Unakaa mbele ya mkubwa anayesema uongo, na wewe unajua ni uongo, lakini mkononi hakuna kitu. Sijaona mchezo mwingine unaoeleza vizuri hivi kazi ya mwandishi wa habari, wala unyonge wa raia mbele ya ofisi. Yule mkubwa ana makatibu, walinzi, hazina ya hati na siku nzima. Wewe una lisaa. Hakuna haja ya kumchora kama shetani, kwa kuwa ratiba imekwisha kufanya kazi hiyo.

Na sheria zinazozaliwa na hofu zina saa yake pia. Huku kwetu tuliliona. Mei 2021 état de siège, yaani hali ya hatari inayowapa wanajeshi utawala, ilianza Kivu Kaskazini na Ituri kama hatua ya muda, kisha ikawa inarefushwa siku 15, na siku 15 nyingine, na nyingine. Nani ana nafasi ya kuisoma upya kila baada ya wiki mbili? Sidai kwamba vijana wa Manchester walifikiria Kongo, lakini mchezaji wa huku hahitaji kuvuka bahari ili aelewe kwa nini Union Act inaharakishwa.

Kundi letu linatengeneza mchezo mdogo wa aina hii, ndani ya biro ya kubuni ya hati za viwanja. Tukiita vijana waje kuujaribu, waliokulia kwenye michezo ya bunduki wanakimbia moja kwa moja kwenye korido na kukamatwa. Siku moja mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe, tukampa kiti na vitufe. Hakusogea. Mhusika wake alibaki kwenye benchi la wageni, yeye anatazama tu.

“Mama, unaweza kutembea,” mwanawe akamwambia.

“Ngoja kwanza. Huyu planto anakula saa ngapi?”

Planto wetu, yule tarishi wa ofisi, huenda kula saa sita na dakika tano. Mama aliingoja saa hiyo, akainuka, akaingia bironi kwa bosi, akafungua droo ya kwanza, akatoka na hati. Hakuna kijana aliyefanya hivyo kabla yake. Mtu aliyezoea kuambiwa “shefu hayuko, rudia kesho” ameshajifunza kusoma ofisi, na sisi tuliokuwa tukipanga kuweka maelekezo marefu mwanzoni mwa mchezo tuliyafuta jioni ileile. Tulibadilisha na jambo lingine: hati zilizoandikwa kwa Kifaransa cha serikali zilikuwa zinawachukua wachezaji muda mrefu kuliko za Kiswahili, kwa hiyo sasa hati ya Kifaransa inapewa mistari michache zaidi.

Tunalobishana bado ni la kuhifadhi. Katika The Occupation huwezi kuhifadhi unapotaka, na nawaelewa. Ungeweza, ungepeleleza chumba, ungerudi nyuma, na dakika zisingekuwa na bei tena. Pia kazi yenyewe ni nzito, maana unahifadhi kila mhusika yuko wapi, amechelewa kiasi gani, anamngoja nani, na kila droo na kila taa ikoje. Lakini wabunifu wale waliishi mahali ambapo umeme haukatiki katikati ya sura. Huku kwetu Lubumbashi, kwenye mitaa kama Kenya au Katuba, delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) inakuja bila hodi, na lisaa lako lote limekwenda nayo. Nia yangu ni mchezo ujihifadhi wenyewe kila dakika, kwa siri, na ufunguke pale pale ulipokatikia bila kumpa mchezaji nafasi ya kuchagua. Mwenzangu anasema watu watachomoa waya makusudi. Namjibu kwamba wakichomoa watajikuta kwenye dakika ileile, na mlinzi yuleyule amesimama mbele yao.

Ukitaka kuicheza The Occupation hapa mjini, icheze kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, sura moja kwa kikao, na weka kalamu na daftari karibu. Nambari za milango ziandike wewe mwenyewe, utaokoa dakika.