"Mbona inafanya kazi?" Dhana potofu za kompyuta na afya katika ofisi za vyuo Tanga

Pita kwenye ofisi za vyuo hapa Tanga, iwe masijala, uhasibu, au ile idara yenye wahadhiri wanne na feni moja, utasikia jibu moja likitolewa kwa wageni wawili tofauti. Kijana wa TEHAMA akija kuomba kompyuta iachwe nusu saa ipokee maboresho, anaambiwa: "Mwanangu, ina kosa gani? Mbona inafanya kazi?" Wiki ya upimaji wa afya ikifika, muuguzi naye anaulizwa: "Mimi naumwa wapi, hata nikapange foleni?" Kwa maoni yangu hiyo ni dhana moja tu, kwamba kisicholalamika ni kizima, na nyingi kati ya hizi nitakazozitaja zimezaliwa humo.

"Maboresho ndiyo yanayoharibu mashine"

Anayesema hivi hajatunga hadithi. Maboresho hula bando, mashine kongwe huweza kuzidi kuwa nzito, na kuna siku printa hukataa kutambulika mpaka mtu aitwe. Lakini tazama kilichotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika tundu lile lile, ikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo ili iyafungue. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Nyingi kati ya kompyuta zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa bure. Asubuhi ya siku ile zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa.

Jambo hili limerudi kwetu kwa sura nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya maboresho ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa ziada. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Ingezimika, pengine bajeti ya kununua nyingine ingepatikana mapema.

Hapa watu wa TEHAMA nao wana la kujibu. Maboresho yakisukumwa saa nne asubuhi, wiki ya kuingiza matokeo ya mitihani, mhadhiri akayachukia, lawama si yake peke yake. Kazi hiyo ifanywe jioni au mwisho wa wiki, kwa mtandao wa chuo na si kwa bando la mtumishi, na tangazo litoke kabla.

"Badili nywila kila mwezi, utakuwa salama"

Dhana hii ilianzia kwa wataalamu wenyewe. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr: changanya herufi kubwa, namba na alama, kisha badilisha mara kwa mara. Ofisi duniani kote zikaufuata. Mwaka 2017 Burr, akiwa ameshastaafu, alisema hadharani kuwa anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huo huo NIST ikaandika upya mwongozo wake: mtu asilazimishwe kubadili nywila kwa kufuata kalenda, bali ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Sababu inajulikana na kila aliyewahi kulazimishwa. Mtu akiambiwa abadilishe kila mwezi, Tanga2024 inakuwa Tanga2025, kisha Tanga2025! yenye alama ya mshangao. Wengine huandika jina la timu. Ndugu yangu, kama mlinzi wa getini anajua wewe ni wa Coastal Union, na mwizi wa nywila atajua; na wale wa African Sports wasicheke. Kinachosaidia zaidi ni urefu: maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe unaweza kuyakumbuka na mwingine hawezi kuyakisia, na yasitumike tena kwenye akaunti nyingine.

Juu ya nywila, vyuo vingi sasa vinaongeza hatua ya pili, ile namba ya tarakimu sita. Minong'ono ikaanza: eti ni njia ya uongozi kujua mtumishi yuko wapi, na eti bila bando huwezi kuingia. Programu ya simu inayotoa namba hizo haimtumii mtu chochote. Siku unapoisajili, simu yako na mfumo wa chuo hupewa siri moja. Kuanzia hapo kila upande hupiga hesabu yake kwa kutumia siri hiyo na saa, na kwa kawaida namba mpya hutoka kila baada ya sekunde 30. Ndiyo maana simu isiyo na intaneti kabisa bado itakupa namba sahihi, mradi saa yake haijapotoka. Ukiwa Mkinga ndanindani, mtandao unakuja na kuondoka, hiyo ni nafuu kuliko kusubiri ujumbe mfupi usiofika.

Namba hiyo usimpe mtu yeyote. Wote tumeshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tukacheka, tukaufuta. Ujumbe wa "akaunti yako ya chuo itafungwa leo, thibitisha hapa" ni ndugu yake wa damu, ila huyu amevaa tai na huja kwa barua pepe, kwa hiyo watu wazima wenye shahada tatu humfungulia mlango. Wa TEHAMA wa kweli hana haja ya kuijua nywila yako wala namba yako ili akuhudumie.

Na usijitetee kwamba tovuti ilikuwa na alama ya kufuli. Kufuli humaanisha mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa yasisomwe njiani. Halikuambii mwenye tovuti ni nani, na tapeli naye hulipata bure. Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023 kwa kuwa watumiaji wengi walikuwa wakiielewa vibaya.

Mbili za haraka. Flashi inayoning'inia kwenye funguo za pikipiki si nakala ya akiba kama ndiyo pekee yenye matokeo ya muhula. Akiba ni nakala ya pili, iliyokaa mahali pengine. Na si kila mtandao unapokatika ni kwamba wa TEHAMA "wamezima". Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku ile hata angeshushwa malaika kwenye chumba cha seva asingekuwa na la kufanya.

"Presha ningeisikia"

Sasa tuje kwa muuguzi na meza yake chini ya mwembe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu hawaumwi. Kichwa kuuma na kizunguzungu, dalili ambazo wengi tunazisubiri, mara nyingi hazitokei kabisa, au hutokea presha ikiwa imeshapanda mno. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Mwalimu wa miaka 35 anaweza kuwa nayo. Kimya chake hakithibitishi chochote.

Lakini namna tunavyopima kwenye hizo siku za afya nayo inazalisha dhana ya pili, kwamba kipimo kimoja ndiyo hukumu. Mtumishi ametoka ghorofa ya pili mbiombio, ameshapiga vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata, anapiga soga na wenzake kwenye foleni, anakaa na papo hapo mkono unafungwa. Utaratibu unataka apumzike dakika tano, amekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, hasemi, na nusu saa kabla hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Ikisoma 140/90 au zaidi, na haijapanda mno, kwa kawaida hatua inayofuata ni kurudia siku nyingine, kwenye kituo cha afya cha Makorora au Ngamiani, au hospitali ya Bombo yenyewe, kabla ya mtu kuitwa mgonjwa. Si kukimbilia dawa, na si kukimbia kituo.

Wanaokimbia kituo husema dawa ukianza huachi, kana kwamba zina ulevi. Wengi huendelea nazo kwa sababu hali yenyewe ni ya kudumu. Hatari iko kwa anayeziacha mwenyewe siku presha iliposoma vizuri, wakati ilisoma vizuri kwa sababu alikuwa anazimeza. Daktari anaweza kupunguza, jirani asipunguze.

Dhana inayonipa mawazo zaidi ni hii: "Majibu yanapelekwa kwa mwajiri, apate sababu ya kupunguza watu." Kwa sheria, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ukiwemo ulemavu na hali ya VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya VVU. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwajiri anaweza kupewa picha ya jumla, kwamba presha imejaa katika idara fulani. Jina na namba zako ni vyako na vya mhudumu aliyekupima.

Kwa vitendo, siri huvuja kwa njia ambayo sheria haikuikusudia wala uongozi haukuipanga. Karatasi ya mahudhurio ina safu ya uzito na safu ya presha, kila anayesaini anamsoma aliyemtangulia. Mratibu anaipiga picha ili asiipoteze, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati, kundi lina watu ishirini na saba na wawili walishahama chuo. Au jedwali limewekwa kwenye barua pepe ambayo nywila yake ni Tanga2025!. Hapa ndipo kijana wa TEHAMA na muuguzi walipaswa kukaa meza moja kabla ya wiki ya afya kuanza, na katika matangazo yote ya wiki hizo niliyosoma, hawajawahi kutajwa pamoja. Omba fomu yako iwe karatasi yako peke yako. Una haki ya kuuliza inahifadhiwa wapi na nani ataiona. Ukijibiwa kwa ukali, hilo nalo ni jibu.

"Bila hatua 10,000 hujafanya mazoezi"

Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kikiitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, na namba ikashika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, kwa wanawake wenye wastani wa umri wa miaka 72, uliona vifo vikipungua hata kwa waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku wakilinganishwa na wa 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500.

Tanga kuna kichekesho cha ziada: simu nyingi hazijui baiskeli. Mtumishi anayetoka Makorora kwa baiskeli dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, siku tano, amefikisha dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani, ilhali simu yake inamsuta kwamba amekaa tu. Bosi wake aliyeshuka kwenye gari na kutembeatembea korido anaongoza mashindano ya hatua ya chuo. Kama kuna fedha za fulana za bonanza, mimi ningejenga kwanza banda la baiskeli lenye kivuli.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inayouzwa kwa watumishi kwa bei ya mbuzi? Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache na yanakauka. Angalia mbali dirishani kila baada ya dakika chache. Kama hakuna dirisha, toka nje.

"Aliyechoka na kazi ni dhaifu"

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu huu katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali nyingine zinazogusa afya: unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujadhibitiwa vizuri. Halikuuita ugonjwa. Limeuweka kwenye mambo ya ajira, kwa hiyo semina ya kupumua kwa kina haiwezi kuwa dawa yake pekee. Ile Sheria ya Ajira ya 2004 nayo imeshaweka mipaka ya saa za kawaida: 9 kwa siku, 45 kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wanaosimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye mipaka hiyo ya saa, na labda ndiyo maana husahau kwamba wengine wamo.

Ujumbe wa saa nne usiku, "naomba hii kesho asubuhi mapema", haumo kwenye daftari lolote la mahudhurio. Kama mawazo humjia mkuu wa idara usiku, ayaandike, hakuna ubaya. Gmail ina kitufe cha kupanga muda wa kutuma tangu 2019, na Outlook nayo inacho: andika saa nne usiku, panga ifike saa mbili asubuhi. Kwenye kundi la WhatsApp la idara, kazi hiyo itabidi aifanye kwa kidole chake mwenyewe.