Croke Park: uwanja umefurika, mshahara hakuna

Ukiona watu zaidi ya 80,000 wamejaa Croke Park, Dublin, siku ya fainali ya Ireland nzima, utadhani wachezaji wale wanalipwa mamilioni. Sivyo. Kandanda ya Kigaeli, ule mpira wa jadi wa Ireland unaochezwa kwa mikono na miguu, na hurling, ule mchezo wa magongo, ni michezo ya ridhaa. Chama chao, GAA, kiliundwa 1884 na hadi leo hakilipi mishahara ya wachezaji. Nyota wa kaunti hurudishiwa nauli na kupata ruzuku ndogo ya serikali, basi. Jumapili anashangiliwa, Jumatatu yuko darasani akifundisha au zizini akikamua (kama hajakesha na kombe!). Wala hasajiliwi kwa dau nono: kwa kawaida huchezea kaunti ya kwao, na akikanyaga nyasi zile, klabu ya kijijini iliyomlea nayo imefika.