Ulinzi wa seva kama kifaa ni nini?

Seva ni kompyuta inayohifadhi data na kuzihudumia kompyuta nyingine. Ulinzi wake ni hatua zote zinazoikinga mashine yenyewe dhidi ya mikono ya watu, moto, maji, joto na umeme unaoyumba. Nywila ni habari nyingine. Mtu akishaifikia seva, anaweza kuiwasha kwa flashi yake na kuziruka nywila zako zote, au akachomoa diski na kuitia mfukoni. Ukiwa umeisimba diski hiyo, yaani umeigeuza data yake isisomeke bila ufunguo, hataweza kuisoma, ila huduma itakuwa imeshazimika.

Ndiyo maana vizuizi hupangwa kimoja ndani ya kingine: uzio na mlinzi, mlango wa kadi au alama ya kidole, kabati lenye kufuli, kamera, na daftari la wanaoingia. Mlango wa kadi, kwa maoni yangu, husifiwa kupita kiasi, kwa sababu hushindwa na adabu zetu. Anakuja mtu amebeba maboksi, unamshikilia mlango, kisha unamkaribisha apite. Vituo makini vya kutunzia seva huweka milango miwili yenye chumba kidogo katikati. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge, na nafasi ni ya mtu mmoja tu.

Ofisi nyingi ndogo hazina hata kizuizi cha kwanza. Seva imewekwa stoo pamoja na mafagio, chini kabisa ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Isogeze. Hewa inayoingia kwenye mashine inashauriwa iwe kati ya nyuzi joto 18 na 27.

Moto nao haujali kufuli. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la SBG2 la OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja, maana nakala zao za akiba zilikuwa eneo hilohilo. Nakala iliyo jirani na seva huungua pamoja nayo.

Na kufuli likizidi, linakugeukia. Oktoba 4 mwaka huohuo Facebook ilipotoweka mtandaoni kwa saa kadhaa, mafundi waliotumwa kwenye vituo vyake walichelewa kuingia na kuzigusa mashine, kwa jinsi vilivyolindwa. Kwa hiyo weka pia ufunguo wa dharura usiotegemea mtandao, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na uandike ni nani anaruhusiwa kuifungua.