Kibodi na kipanya visivyo na waya: pima meza kwanza, dukani baadaye

Mteja akija kuniambia anataka kibodi na kipanya visivyo na waya, namuuliza kwanza meza yake ina kimo gani. Wengi hushangaa, walitegemea niulize bajeti au kampuni. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kompyuta za ofisi hapa Mbeya, na wanaolalamikia mikono, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, mara nyingi nawakuta na vifaa vizuri tu vilivyowekwa mahali pasipofaa.

Matangazo husema ukiondoa waya meza inakuwa safi. Sawa, lakini mtu hanunui kibodi ili meza ipendeze. Faida ya kweli ni kwamba kibodi unaiweka pale mikono inapopataka na skrini inakaa pale macho yanapopataka, bila kimoja kukivuta kingine. Laptopu peke yake haikupi nafasi hiyo. Ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ukiipandisha ili shingo ipumzike, mabega yanapanda nayo. Kwa hiyo kama unashinda kwenye laptopu, chukua kibodi na kipanya vya pembeni, halafu iinue laptopu yenyewe mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Rimu mbili tatu za karatasi chini yake zinatosha, na sijaona ofisi isiyo na rimu.

Turudi kwenye meza. Meza za maseremala wetu, hata zile za paini ya Sao Hill, nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi. Kwa kuandika na kalamu hakuna shida. Kwa kuchapa, fanya hivi: kaa kwenye kiti chako, shusha mabega, kunja viwiko pembe mraba, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mtu wa kimo cha kawaida anaangukia kwenye 65 hivi. Hizo sentimita 10 zinazobaki ndizo mabega yako yanazibeba kutwa nzima, na hakuna kibodi ya bei yoyote itakayozibeba badala yako. Weka mto kwenye kiti na kitu cha kukanyagia miguu, au mwambie seremala akufungie kibao cha kuvuta chini ya meza. Ukishindwa vyote, angalau nunua kibodi nyembamba. Ndiyo maana siwashauri watu wenye meza za kimo kikubwa kununua kibodi za mekanika, zile zenye springi chini ya kila kibonye, ambazo kwa nyuma zinaweza kufika sentimita 4 na kukuongezea ngazi juu ya meza ambayo tayari iko juu. Na kelele zake kwenye chumba cha watu sita, wenzako watakusema.

Geuza kibodi uliyonayo sasa hivi. Kwa nyuma utaona vimguu viwili vya kukunjua. Vikunje, uviache vimekunjwa. Vimguu hivyo vinainua ukingo wa nyuma, na ili vidole vifike juu, kifundo cha mkono kinalazimika kupinda kuelekea nyuma. Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba inayopitisha kano tisa za vidole pamoja na mshipa wa fahamu, na mkono ukipinda hivyo shinikizo ndani ya njia hiyo linaongezeka. Ukianza kupata ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa usiku, usije kwangu. Nenda hospitali, uonane na daktari na watu wa fiziotherapia. Mimi ni fundi kompyuta.

Kinachofuata ni upana, na hapa ndipo watu wengi hawatazami kabisa. Kibodi kamili, yenye tarakimu upande wa kulia, ina upana wa sentimita 44 au 45. Isiyo na tarakimu hizo ina kama 36. Ukikaa sawasawa, herufi G na H zinatakiwa ziwe mbele ya kitovu chako. Basi hesabu mwenyewe: kwenye kibodi kamili kipanya kinasukumwa mbali zaidi kulia, na mkono unakifuata huko nje, bega likiwa limefunguka, saa nane kwa siku. Maumivu ya bega la kulia ninayoyasikia kwa makatibu muhtasi nayaona hapo hapo, kwenye zile tarakimu ambazo wao hawazigusi kabisa.

Lakini wapo ambao wakizikosa wamekwisha. Kijana wa steshenari pale Kabwe anaingiza namba ya NIDA yenye tarakimu 20, akimaliza anaingiza namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, na foleni iko mlangoni. Mhasibu wa SACCOS hali kadhalika. Kwa watu hawa nina njia mbili. Moja ni kibodi fupi pamoja na kipande cha tarakimu kinachouzwa peke yake, ambacho unakiweka hata kushoto. Nyingine haina gharama: hamishia kipanya mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza utachukia, baadaye utazoea, na mkono wa kulia unabaki kwenye tarakimu tu. Wenye mashoto wanajua raha hii siku nyingi.

Sasa vibonye vyenyewe. Mpangilio wa QWERTY ulibuniwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine za taipu za Christopher Latham Sholes, na hakuna aliyekuwa na Kiswahili akilini. Matokeo yake tunayabeba kwenye kidole kidogo cha kushoto. A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, nao wameiweka pembeni kabisa, chini ya kidole dhaifu kuliko vyote. Chapa “Tanzania” kwa vidole vyote: herufi nne kati ya nane, A tatu na Z moja, ni za kidole hicho kimoja. Kwa hiyo mapitio ya kibodi unayosoma kwenye mitandao ya Kiingereza hayakuambii habari yako. Ukiwa dukani usibonyezebonyeze kwa kidole cha shahada kama anayepiga kengele ya mlango. Weka vidole vyote mahali pake, uchape sentensi nzima, mathalani “wananchi wa kata ya Sisimba wanakaribishwa”, ukisikilizia huyo mdogo wa kushoto. Akianza kulemewa kwenye mstari wa pili, rudisha kibodi hiyo kwenye boksi.

Kibonye cha mtindo wa laptopu kinashuka milimita moja au moja na nusu; cha kibodi za kawaida, zenye mpira chini ya vibonye, kinashuka hadi kama nne. Wengine wanapenda kushuka kwingi, wengine hawataki, na hilo sibishani na mtu. Ninachobishia ni uzito. Huku kwetu asubuhi za Juni na Julai ofisi haina kipasha joto, vidole vinafika kazini vimekakamaa, na kibodi uliyoipenda Novemba unaiona nzito. Chagua yenye vibonye vyepesi. Zile zenye bodi ya alumini ni nzuri kuangalia, ila kulaza kiganja juu yake saa mbili asubuhi ni adhabu. Watu wa Njombe na Makete hawahitaji maelezo zaidi.

Kidogo kuhusu mtumba. Kibodi za mtumba kutoka Ulaya ni imara, lakini soma vibonye kabla ya kulipa: ya Kijerumani imebadilishana Y na Z, ya Kifaransa imeihamisha A yenyewe. Ya Uingereza haina shida kubwa, isipokuwa alama ya @ na ya kufungua semi zimepishana. Mpangilio unabadilishwa kwenye kompyuta kwa dakika moja. Maandishi yaliyochapwa juu ya kibonye hayabadiliki.

Kipanya ni suala la kiganja. Pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 una mkono mdogo, zaidi ya 19 una mkubwa. Vipanya vinavyokuja ndani ya seti moja na kibodi mara nyingi ni vidogo, vya kusafiria, na mwenye mkono mkubwa anaishia kukibana kwa ncha za vidole siku nzima. Hiyo ndiyo sababu sipendi seti. Bora kibodi ya bei nafuu na kipanya kinachojaza kiganja, vilivyonunuliwa kila kimoja peke yake.

Vipo pia vipanya vya kusimama, ambavyo unavishika kama unavyompa mtu mkono. MX Vertical ya Logitech, kwa mfano, imeinamishwa nyuzi 57. Vinapunguza ule msokoto wa mkono wa mbele unaotokana na kulaza kiganja chini. Nawapendekezea wanaoshinda wakibofya, ila vingi vimetengenezwa kwa mkono wa kulia tu, na siku za mwanzo kishale kinapita kila kitu unachokilenga. Kama nafasi ni finyu, tuseme kibanda cha wakala chenye meza ya kuwekea daftari tu, tafuta kipanya cha tufe. Chenyewe hakisogei, ni gumba linalozungusha tufe.

Kabla hujatupa kipanya kwa madai kwamba kinaruka, angalia kiko juu ya nini. Ofisi zetu zinapenda kioo juu ya meza, chini yake kalenda, kadi za harusi na picha ya mahafali. Kipanya kinafanya kazi kwa kupiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde na kulinganisha picha moja na nyingine. Kioo safi hakina cha kulinganisha. Logitech wana teknolojia ya Darkfield, ya tangu 2009, inayosoma hata kioo chenye unene wa kuanzia milimita 4. Kipande cha kitambaa kinafanya kazi hiyo hiyo.

Upande wa mawimbi, chaguo ni risiva ndogo ya USB, yaani kile kidude unachochomeka kwenye kompyuta kipokee mawimbi, au Bluetooth. Vyote viko kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kwa hiyo usidanganywe kwamba kimoja kina nguvu za ajabu. Kompyuta za mezani za mtumba nyingi hazina Bluetooth, hapo huna budi kuchukua risiva. Laptopu yenye matundu mawili tu ya USB, chukua Bluetooth. Herufi zikianza kupotea au kishale kukwama unaponakili mafaili kwenye diski ya nje, tatizo si betri. Matundu ya USB 3, yale ambayo mara nyingi ni ya bluu, na vifaa vyake hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Intel walilieleza hilo tangu 2012. Hamishia risiva kwenye tundu jeusi, au itoe nje kwa waya mfupi wa USB ili isikae nyuma ya boksi la bati chini ya meza.

Kwa wanaoingiza nywila za benki na za mifumo ya serikali nina sharti moja: kibodi iandikwe kwenye boksi kwamba inasimba mawasiliano, kwa kawaida huandikwa AES. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Marekani, Bastille, ilionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zikituma kila herufi wazi, na aliye umbali wa mita 70 na ushei aliweza kuzisoma. Boksi lisiposema lolote kuhusu hilo, tumia kibodi hiyo kwa barua za kawaida tu.

Betri: mimi napendelea kipanya cha betri moja ya AA kuliko cha kuchaji. Umeme ukikatika au chaja ikipotea unavuka barabara, unanunua nyingine, unaendelea. Epuka zilizoandikwa “Heavy Duty”. Jina kubwa, lakini hizo ni za zinki na kaboni, zinaisha haraka na zinavuja. Tafuta alikalaini. Kibodi ya kwenye kaunta ambayo haitatumika mwezi mzima, itoe betri.

Ukienda Mwanjelwa kununua, beba laptopu yako. Muuzaji afungue boksi, aweke betri, uchape na ubofye ukiwa umekaa, si umesimama kaunta. Risiva mara nyingi imefichwa ndani ya sehemu ya betri ya kipanya, kwa hiyo ikague ipo kabla ya kuondoka, kwa sababu nyingi haziwezi kubadilishwa na ya kibodi nyingine. Akikataa kufungua, msalimie vizuri, uingie duka linalofuata.