Kidude cha Kwenye Soketi na Ile Wiki Moja ya Amani

Nimetumiwa tena lile tangazo. Unalijua: kidude cheupe kinachodaiwa kufukuza panya kwa sauti nyembamba isiyosikika na binadamu, kimechomekwa kwenye soketi, miduara ya bluu inakitoka, panya wa katuni anatimua mbio. Chini yake: "Hufukuza panya, mende, mbu, mijusi na buibui. Tupo Kariakoo, mikoani tunatuma." Safari hii aliyenitumia ni mteja wangu wa Ilazo, na swali ni lile lile ninaloulizwa na nusu ya Dodoma: "Fundi, nikichukua viwili hivi si nitapumzika kukuita?"

Hapana, dada. Hutapumzika. Na kabla hujaniambia natetea ugali wangu, ngoja nikupe siri ya kazi hii ya fumigesheni: vile vidude vinanijaza wateja. Mtu anachomeka mwezi wa sita, anavumilia, anahamisha soketi, anaongeza cha pili. Akija kunipigia simu mwezi wa nane, panya jike mmoja ameshakuwa ukoo, maana mimba yao ni wiki tatu na kidogo. Kazi ya mchana mmoja inageuka ya kurudi na kurudi. Ningekuwa na tamaa ningeviuza mwenyewe.

Niwape kwanza wauzaji haki yao. Panya wanaisikia kweli hiyo sauti tusiyoisikia sisi. Sikio la binadamu linaishia kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha masafa ya sauti: namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi), na la mtu mzima linaishia chini ya hapo. Panya anafika karibu 80, na kipanya, ile aina ndogo ya panya wa nyumbani, anapita hapo. Tena hawasikii tu, wanaongea huko huko juu. Panya aliyeshikwa na hofu hutoa mlio wa kilohezi 22 hivi, na aliyefurahi hutoa wa 50 hivi. Huko Marekani mwanasayansi Jaak Panksepp aliwatekenya panya wa maabara kwa vidole; wakatoa huo mlio wa 50, kisha wakawa wanaufuata mkono watekenywe tena. Sasa soma boksi la kidude chako. Vingi vimeandikwa kilohezi 20 na kitu hadi 60 na kitu. Kinapiga, basi, kuanzia kilio chao mpaka kicheko chao. Nani alisema panya akiisikia yote hiyo ataelewa "hama"?

Paka naye anasikia zaidi ya kilohezi 60. Nimekuta nyumba paka kalala kwenye zulia chini kabisa ya soketi yenye kidude, taa ya bluu inamwangaza, hata sikio halitikisiki.

Kuhusu sauti yenyewe sitakaa sana. Umbali ukiongezeka mara mbili, inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na sauti ya masafa ya juu hivi humezwa na hewa kuliko ya kawaida. Tofali haipenyi, wala mlango uliofungwa. Sofa, pazia, godoro na gunia la mahindi vinaifyonza, na nyuma ya friji panabaki kimya. Zile mita za mraba zilizoandikwa kwenye boksi labda ni za ukumbi mtupu kabla harusi haijaanza.

Sasa tazama nyumba zetu za mitaa ya Kisasa, Iyumbu na Nzuguni hapa Dodoma. Bati la migongo mipana, dari ya jipsamu, taa za kuzama. Panya anayekunyima usingizi anakimbia juu ya jipsamu. Soketi iko nyuma ya kochi, karibu na sakafu. Umemwekea kelele sebuleni mtu anayeishi ghorofani, na katikati yenu kuna dari.

Halafu kuna popo. Popo wadogo wanapenda mapaa yetu ya bati, na kila magharibi wanatoka huku wakipiga sauti za masafa hayo hayo. Kuna aina ambazo karibu na mdomo zinazidi desibeli 100, kitu ambacho kidude chako hakitaota. Nimepanda kwenye dari nikakuta samadi ya popo upande mmoja na kiota cha panya upande wa pili, kimetandikwa vizuri kwa pamba ya mto wa mwenye nyumba. Majirani wema kabisa.

"Lakini fundi, kwangu kilifanya kazi."

Hapa ndipo ninapopandwa na mori, na si kwa sababu mtu anadanganya. Hadanganyi. Wiki ya kwanza panya walitulia kweli. Ningekuwa nasema kidude hakijabadilisha chochote usiku ule, ningekuwa mimi ndiye mwongo. Shida ni kujua kilichowatuliza.

Panya wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, ni mwoga kupindukia wa kitu kipya. Weka ndoo kwenye njia yake ya kila siku, ndoo tupu, ataizunguka siku kadhaa kabla ya kuisogelea. Ndiyo maana mtego mpya haushiki usiku wa kwanza na watu wanaulaumu mtego. Sasa wewe umefanya nini siku ile ya kidude? Umevuta kochi ulifikie soketi, ukahamisha kabati, ukafagia nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu mhamie, ukawasha taa ya bluu usiku kucha na kuleta mlio na harufu ya plastiki mpya. Panya akasema ngoja kwanza. Ungewasha redio ya mkulima ukaiweka pale pale, ungeweza kupata wiki hiyo hiyo ya amani kwa bei nafuu, na taarifa ya habari juu.

Kisha anazoea. Sauti isiyouma, isiyofuatwa na paka wala rungu, haina habari ndani yake. Ni kama wenye meza za nyanya soko la Majengo na ile spika ya "sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto": mgeni inampasua kichwa, wao wanapiga hesabu za chenji bila kukosea.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitenganishi, nami linanikera kuliko yote. Kipanya mdogo, yule wa ukubwa wa kidole gumba, hana woga huo. Ni mdadisi. Ukiweka kitu kipya anakuja kukikagua usiku huo huo. Kwa hiyo kwenye kundi la mtaa mama mmoja anaandika "kimenisaidia sana," jirani yake anajibu "mimi hakikufanya kazi hata siku moja," wanaanza kurushiana maneno kuhusu nani kauziwa feki. Hakuna aliyeuziwa feki, au wote wameuziwa. Mmoja ana panya wa darini, mwingine ana vipanya.

Ongeza msimu. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, Desemba mpaka Aprili. Panya shamba, ambaye wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, huzaliana kwa kufuata mvua, na anaweza kushusha watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Mvua ikikatika, uwele na mtama unavunwa, alizeti inakatwa, shamba linabaki tupu na nafaka imehamia nyumbani. Wewe ungekuwa panya ungekwenda wapi? Kelele zinapozidi ndipo watu wanapoagiza kidude, yaani kwenye kilele. Kiangazi kikikolea chakula cha porini kinakwisha na idadi yao inaporomoka yenyewe, hata kwa asiyenunua kitu. Asante ya kiangazi inapewa soketi.

Nikisema hivyo lazima niseme na hili, ingawa kibiashara halinifai: hoja hiyo inanikata na mimi. Ukiniita mwezi wa saba nikaweka chambo, mwezi wa kumi na moja ukaniambia "fundi una mkono mzuri," sehemu ya huo mkono ni ya kiangazi, na siwezi kukuambia ni sehemu kubwa kiasi gani. Nyumba ninazothubutu kujisifia ni zile nilizoziba matundu, mavuno ya mwaka uliofuata yakaingia na darini kukabaki kimya. Nilikoweka sumu tu nikaondoka, sijisifii.

Wala maabarani si kwamba hakionekani kitu kabisa. Kuna majaribio ambayo panya walipunguza kwenda upande wenye sauti siku za mwanzo, hasa chakula kikiwepo na upande mwingine. Naamini hilo bila shida. Lakini panya aliyehama sebuleni akaenda jikoni hajatoka nyumbani kwako. Mwaka 2001 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vidude hivi: mkidai vinafukuza wadudu na panya, muwe na ushahidi wa kisayansi. Zaidi ya miaka 20 imepita, matangazo ni yale yale, yameongezewa miduara tu.

Vile vinavyodai "kugeuza nyaya za nyumba nzima kuwa uzio wa sumaku" sivijibu. Panya anatafuna nyaya hizo hizo. Nimezitoa darini zimemenywa mpaka shaba inang'aa, na hapo panya si tatizo lako kubwa tena, moto ndio tatizo.

Tusichanganye na mtego wa umeme, lile sanduku la betri linalompiga shoti panya akiingia. Huo ni mtego, na unafanya kazi. Ni ghali na unakamata mmoja mmoja, basi.

Kinachomweka panya nje ni kuziba. Tundu linalopitisha penseli, milimita 6 hivi, kipanya anapita. Milimita 12 hivi, panya kijana anapita. Panda ngazi utazame migongo ya bati inapolalia ukuta nyuma ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa: kila mgongo ni mlango. Tazama bomba la AC. Mafundi wetu wanatoboa tundu la kuingiza ngumi, wanapitisha bomba la unene wa vidole viwili, wanajaza povu la kupuliza wanaondoka. Povu kwa panya ni mkate. Nyumba moja niliyoingia karibuni, kidude kilikuwa kinawaka hatua mbili tu kutoka kwenye bomba kama hilo, na ukutani juu ya tundu palikuwa na ufito mweusi unaong'aa, mpana kama kidole, unagusa una mafuta. Huo ni uchafu wa manyoya yao. Haupatikani kwa panya mmoja kupita mara moja. Ni njia kuu.

Jaza stilwaya ya kuoshea masufuria, ishindilie, kisha piga saruji juu yake. Peke yake itashika kutu imomonyoke. Kwenye bati tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku kipanya anapita bila kuinama, na wavu wa mbu wa plastiki ni chakula cha meno yanayokua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka na lazima yasuguliwe mahali. Chini ya mlango wa jikoni piga ukanda wa bati. Magunia yawe juu ya chaga, yasiguse ukuta. Na ile mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa ni nzuri mno dhidi ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, ila panya anaitoboa, na ikishatobolewa hata dumuzi anapona.

Mtego wa kubana ukae upande wa chambo ukigusa ukuta, karanga iliyopondwa au dagaa, siku chache za mwanzo bila kutegwa. Waache wale waondoe wasiwasi, ndipo utege.

Sumu sipendi kuianza, na nyumba yenye watoto wanaotambaa naiweka mwisho kabisa. Zile za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo atafia anakotaka yeye, na kwa kawaida anataka juu ya chumba cha kulala cha wageni. Nunua yenye lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, si kipakiti cha spika kisicho na jina. Mtoto akigusa, hospitali moja kwa moja na pakiti mkononi: dawa yake ipo, vitamini K1, lakini daktari lazima ajue kilicholiwa ni nini. Kuhusu paka sina msimamo. Kwa vipanya nimeona paka waliosafisha nyumba. Kwa panya mkubwa wa darini nimeona zaidi paka wanaokodolea macho dari.

Kama umeshakinunua, usikitupe, kipime. Nyunyiza poda ya mtoto ufito mwembamba kando ya ukuta mbele ya kidude, na mwingine jikoni. Poda, si sembe. Kwa sembe utakuwa umewatengea chakula. Usihamishe gunia wala kuziba chochote kwa kipindi hicho, la sivyo utakuwa umepima vitu viwili kwa mpigo. Wiki ya kwanza na ya pili usizihesabu. Wiki ya tatu inama asubuhi na tochi ya simu, utafute nyayo na mchirizi wa mkia, na ukiziona piga picha kabla dada wa kazi hajapiga deki, maana uelekeo wa zile nyayo ndio utakaonionyesha tundu lilipo.