Taa haipimi uzito wa baiskeli yako

Wiki hii mwanafunzi mwingine kaniambia: “Mwalimu, nilipita nyekundu kwa sababu baiskeli ni nyepesi, taa hainihisi.” Nafundisha uendeshaji wa baiskeli hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na kauli hiyo imenichosha. Chini ya lami hakuna mizani!

Kwenye makutano ambako taa husubiri kuhisi chombo ndipo iwe kijani, kilichopo ni koili, yaani waya uliozungushwa, imefukiwa kwenye mikato iliyochanjwa kwa msumeno kwenye lami. Umeme wake hujenga uga wa sumaku. Metali ikiingia humo, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani ya metali hiyo na mtambo wa taa hugundua badiliko. Alumini inatosha, kwa hiyo zile sumaku za kubandika kiatuni, zinazouzwa eti zitaiamsha taa, ni kutupa pesa. Rimu za kaboni, ambazo si metali, ndizo zenye shida ya kweli.

Kosa liko pale unaposimama. Watu hukaa katikati ya koili, kama gari. Katikati uga unakwenda wima, sambamba na gurudumu lako jembamba, basi hauligusi sana. Juu ya waya wenyewe uga unalala na kulipenya gurudumu ubavuni. Tafuta mkato unaofuata uelekeo wako, weka magurudumu yote mawili juu yake, tulia hapo. Kwingine wamekuchorea kabisa: mpanda baiskeli mwenye kistari juu na kistari chini. Simama kwenye vistari hivyo.

Sheria sasa. Tangu 1 Agosti 2023 Minnesota inaturuhusu kuichukulia alama ya kusimama kama alama ya kupisha, yaani kupunguza mwendo na kupisha wengine bila kulazimika kusimama kabisa. Alama, si taa. Jimbo la Idaho, walioanza 1982, humruhusu mpanda baiskeli asimame kwenye nyekundu kisha avuke kukiwa wazi. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Tuna hoja ya kujitetea tu ukishtakiwa: ulisimama kabisa, nyekundu ikakaa kupita kiasi, taa ni mbovu au imeshindwa kukutambua, na hakuna anayekaribia. Uliyesimama nje ya koili utadaije kwamba taa imeshindwa kukutambua?

“Kupita kiasi” ni dakika ngapi? Sheria haisemi, na sina jibu la kumpa mwanafunzi. Tena koili ikipunguzwa wepesi wa kuhisi ili isishtuliwe na lori la leni ya jirani, unaweza kusimama sawasawa na kijani isije. Hapo mimi hushuka, nikabonyeza kitufe cha waenda kwa miguu, nikavuka nikiikokota baiskeli.