Kujiuzulu kwa Waziri Mkuu si hukumu ya mahakama

Kwenye baraza la kahawa karibu na ofisi yangu ya uwakili hapa Lindi, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, kama Lowassa alikosa, mbona hakufungwa? Na kama hakukosa, mbona aliondoka?" Alikuwa akimsema Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa Tanzania aliyejiuzulu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Nikamjibu, "Mzee wangu, aliwajibika, hakuhukumiwa." Akaguna, akageuza kikombe chake. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosheleza.

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya umeme, mgao ukawa mkali, na mwezi Juni TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond ili ilete mitambo ya gesi ya megawati 100. Mitambo ilichelewa na mkataba ukahamia kwa kampuni nyingine, Dowans. Kamati Teule ya Bunge iliyoundwa kuchunguza mkataba huo, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilipowasilisha ripoti yake Februari 2008, ilieleza kwamba Richmond haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo, na ikamhusisha Waziri Mkuu na namna ilivyopewa zabuni. Edward Lowassa alikanusha, akalalamika kwamba Kamati haikumwita kumsikiliza, kisha tarehe 7 Februari akatangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu.

Wengi hudhani Bunge ndilo lililomwondoa. Ibara ya 53A ya Katiba inaliruhusu kupitisha azimio la kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini azimio hilo lina masharti yake, yakiwamo saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 na kuungwa mkono na wengi wa wabunge wote. Njia hiyo haikutumika, barua ilitangulia. Hata hivyo barua hiyo moja ilitosha kuliangusha Baraza zima la Mawaziri, kwa kuwa Ibara ya 57 inaacha wazi nafasi ya kila waziri pale Waziri Mkuu anapojiuzulu, hata ya yule ambaye hakuwahi kuuona mkataba. Rais Kikwete alibaki madarakani, akamteua Mizengo Pinda, na Bunge likamthibitisha.

Kwa maoni yangu, lalamiko la Lowassa la kutosikilizwa lilikuwa na uzito, kwani haki ya kusikilizwa haipotei kwa sababu mtuhumiwa ni mkubwa. Lakini Kamati Teule haifungi mtu. Kumtia mtu hatiani kunahitaji mashtaka, ushahidi na hakimu, ilhali kuwajibika kisiasa kunahitaji tu imani iwe imetoweka. Hakuna mahakama iliyomtia Lowassa hatiani kwa jambo hili, na mwaka 2015 aligombea urais kupitia chama cha upinzani cha Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho siku iliyofuata, kisha akauliza kuhusu fedha. Hapo nilikosa la kumfariji. Kujiuzulu kwa kiongozi hakuui mkataba: TANESCO iliusitisha mwaka 2008, Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2010 wakapewa tuzo, yaani fidia ambayo TANESCO ilitakiwa kuwalipa, iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 94.